Tiki ya Pili

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Zimawasha. Ukimpigia simu kumwambia kompyuta imegoma, hata salamu hujamaliza, atakuambia: zima, subiri, washa. Watu walimtania kwa hilo. Wengine walisema hana anachojua zaidi ya hapo. Lakini walizima, wakawasha, na mara nyingi ikakubali. Waliokosea walikuwa wale wenye haraka, wanaoruka hapo katikati. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe, alikuwa akiwaambia; ukizima na kuwasha papo hapo, umeme haujatoka wote ndani ya mashine, na ugonjwa unaamka nao.

Baba yake alipofariki, Zimawasha hakulia. Alishika upande wake wa jeneza, akamwaga udongo, akapanga viti vya wageni, akavirudisha vilikokodiwa, na haukupita muda akafungua duka. Watu walimsifu kwamba amejikaza kiume. Maskini, hawakujua. Kujikaza ni kuzuia kitu, na yeye hakuwa na cha kuzuia. Akiletewa chakula alikula, asipoletewa hakukumbuka. Usiku alilala fofofo. Aliamka, akaoga, akaenda kazini, akasubiri uchungu uje kama unavyowajia watu wengine, na haukuja. Baada ya muda akaanza kujishuku kwamba labda hakumpenda mzee wake.

Asubuhi moja fundi cherehani wa duka la pili, mama mwenye mwili na maneno yake, aliingia amekumbatia kompyuta kifuani.

"Imekufa," alisema, akaibwaga juu ya meza. "Kioo cheusi, maandishi meupe ya Kizungu, basi. Na usiniambie nizime niwashe. Nimezima nimewasha mpaka kidole kimeota sugu."

"Mara ya mwisho kufanya kazi vizuri ilikuwa lini?"

"Jana."

"Kati ya jana na leo, nini kimebadilika?"

"Hakuna."

Wote husema hakuna. Zimawasha hakuwahi kumpata mteja aliyelijibu swali hilo sawasawa mara ya kwanza, na hakuwalaumu, maana mtu hakumbuki jambo alilolifanya bila kufikiri. Aliigeuza kompyuta ubavu, akaona flashi ndogo nyekundu imechomekwa pembeni.

"Hii je?"

"Ooh! Hiyo ya mteja wangu, kaniletea picha za mishono anayotaka. Kwani nayo ina neno?"

Aliichomoa, akazima, akasubiri, akawasha. Mashine ikafunguka bila ubishi, na picha ya wajukuu wa fundi cherehani ikatokea kiooni, wote wamenuna.

"Ilipoamka ikaenda kutafuta pa kuanzia ndani ya flashi," alimweleza. "Mle hamna cha kuiamsha. Siku nyingine ukiyaona maandishi hayo, kabla hujanijia mbio, chomoa kila kisicho chake. Kompyuta haiamki tu asubuhi ikaamua kukuudhi, mama. Kuna kitu kimeongezwa au kimeondolewa. Tafuta hicho."

Fundi cherehani alimtazama kwa jicho la huruma. "Na wewe baba, unaendeleaje? Msiba bado mbichi."

"Nimeshapoa," alijibu, na mkono wake ukawa tayari umeshika kazi inayofuata.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake, mkubwa wake pekee, ambaye tangu mazishi alikuwa amebaki nyumbani kwa wazazi akimwangalia mama yao.

"Mama anasema intaneti imekufa tena," dada alisema.

"Nilikuja juzi."

"Na kabla ya juzi ulikuja. Sikiliza. Mimi nimekaa hapa naangalia video, wala haikwami. Simu yake yeye mwenyewe inafungua kila kitu, nimeijaribu kwa mkono wangu. Lakini ameshikilia mbovu, mbovu, mbovu. Chakula hagusi. Kutwa yuko chumbani na simu mkononi, anaitazama." Sauti yake ikashuka. "Mdogo wangu, mama hayuko sawa. Akili imeanza kuruka. Jumapili narudi kwangu, na naondoka naye. Nimeshamshushia begi lake."

Zimawasha alijua maana ya maneno hayo. Nyumba ingefungwa. Mama yao alikuwa amesema mbele ya wageni wote kwamba chumbani alimoishi na mumewe atatoka kwa kubebwa tu, na dada mtu, akishaamua jambo, hata mvua haimrudishi. Jambo kama hilo lilipaswa kumuuma. Alijipapasa moyoni, hakukuta kitu, akachukua mkoba wake wa vifaa.

"Naja," alisema.

Mama alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda shingo, kanga imemzidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta ruta nyingine?"

"Kwanza nione hii."

Ruta ilikaa juu ya kabati la vyombo sebuleni, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, mahali alipoiweka marehemu kwa hoja kwamba juu huko haimwagikiwi na chai. Na kwa bahati palikuwa mahali pazuri. Wateja wengi huzificha nyuma ya televisheni au kuziegemeza kwenye friji, halafu wanashangaa chumbani hamfiki kitu. Zimawasha alianza kazi yake kama anavyoianza kwa mtu yeyote. Akaangalia taa: zote kijani. Akabonyeza kila waya mpaka ukalia tik mahali pake. Akazima, akakaa kwenye mkono wa kochi akisubiri, akawasha. Kisha akashika simu yake mwenyewe, akatembea nayo taratibu toka sebuleni hadi jikoni, jikoni hadi uani, uani hadi mlango wa chumba cha wazazi, akitazama ule mnara mdogo wa mawimbi. Haukupungua.

"Imekubali, mama."

Mama akatazama simu yake. Akasubiri. Akatikisa kichwa. "Bado."

Alimwomba simu hiyo, akafungua video ya kwanza aliyoiona, ya mtu anayechimba kisima. Ikacheza bila kigugumizi. "Si hii hapa, mama? Maji hayo yanatoka."

"Nayaona. Lakini bado."

Dada mtu, pale kwenye kochi, alimkata jicho lenye maana ya nilikwambia. "Mama, ruta ni nzima," alisema, kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto dawa. "Jumapili kwangu utakuta intaneti inayokimbia."

"Sikuomba inayokimbia," mama alisema. "Nataka ya hapa." Akaingia chumbani kwake, mlango ukarudi nyuma yake.

Zimawasha alikunja waya zake. Alikuwa anafunga kamba za viatu barazani, kichwa kitupu kabisa, ndipo akamkumbuka fundi cherehani na ile flashi nyekundu. Akakaa na kamba mkononi. Mara zote tatu alizokuja kwenye nyumba hii alikuwa amegusa waya, amezima, amewasha, ameondoka. Hata mteja wa barabarani, yeye humuuliza maswali kabla ya kutoa bisibisi. Mama yake mzazi hakuwa amemuuliza hata moja. Akavua viatu, akaenda kubisha mlango wa chumbani.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, upande wake. Ule mwingine umetandikwa, haujakaliwa.

"Mama, unajuaje kwamba haifanyi kazi? Unatazama nini?"

Alimpima kwanza kwa macho, kama alivyokuwa akimpima zamani akitaka kujua kama kweli ameoga.

"Funga mlango," alisema.

Akampa simu yake. Ilikuwa imefunguliwa kwenye WhatsApp, na juu pameandikwa Mzee. Chini yake ujumbe umefuatana, mmoja baada ya mwingine, wote wa upande mmoja, na pembeni mwa kila mmoja, tiki moja.

"Zilikuwa zinatoka mbili," mama alisema. "Naandika, inakuja ya kwanza, halafu ya pili, halafu nasikia inalia humo." Alivuta droo ya meza ya kando ya kitanda. Simu ya marehemu ilikuwa ndani, kwenye kava lake la ngozi lililochanika pembe, imechomekwa chaja, imefutwa vumbi. "Laini yake haina bando. Nilijua inatumia ya nyumbani, wewe ndiye uliyetwambia hivyo. Sasa haifiki. Nikiandika inabaki hapahapa mkononi kwangu."

Zimawasha aliitazama tena ile tiki moja.

"Sijarukwa na akili," mama aliendelea. "Najua alipo. Nilisimama pale mnamfukia. Simwandikii anijibu. Namwambia tu ya nyumbani. Bomba la uani linavuja. Dada yako anatia chumvi kwenye mchuzi kama anakomoa mtu. Nikimaliza, inalia, nasema haya, amesikia, nalala. Ningewaambia, mngenipeleka hospitali. Si ameshashusha begi huyo?"

"Ilianza lini kutofika?"

"Siku ile wageni walipomaliza kuondoka. Siku uliyokuja kutengeneza."

Hapo akajua. Wakati wa msiba kila aliyekuja kuhani aliomba paswedi, na kila aliyeomba alipewa, hata vijana wa mtaa wa pili waliokuja kula tu. Intaneti ikawa inatambaa. Wageni walipoondoka, yeye alikuja akabadilisha neno la siri, kazi ndogo, angeifanya amefumba macho. Kisha akapita na neno jipya kwa kila mwenye simu: ya mama, ya dada, yake, na televisheni akaiingizia pia. Hakusahau. Kusahau kungekuwa na nafuu. Alihesabu waliomo ndani ya nyumba, na baba yake hakuwa miongoni mwao. Kwa akili safi ya fundi alikuwa amemfungia mzee nje ya nyumba yake mwenyewe, na usiku ule akalala fofofo.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilibadilisha paswedi. Simu ya baba inayo ile ya zamani. Inabisha hodi tu, haifunguliwi."

Mama hakumgombeza. Alichomoa chaja, akamnyooshea ile simu kwa mikono miwili.

"Basi mfungulie. Ila usisome."

"Sisomi."

"Mimi mwenyewe siwezi kuifungua. Sijui anachorachora nini pale."

Zimawasha alijua. Wazee wote waliompelekea simu zao aliwawekea mchoro mmoja, herufi Z, kwa sababu hausahauliki. Nusu ya wazee wa mtaa walikuwa wakifungua simu zao kwa herufi ya fundi wao na hakuna aliyewahi kushtuka. Akachora. Kioo kikafunguka, maandishi makubwa kama ya ubao wa darasani, maana mzee alikuwa akimpigia simu kila baada ya siku chache kulalamika kwamba herufi zimesinyaa tena. Akaingia kwenye orodha ya mitandao. Wa nyumbani ulikuwa wa kwanza, na chini yake onyo dogo kwamba neno la siri si sahihi. Aliugusa, akaandika neno jipya, akabonyeza.

Kiduara kikazunguka. Kikaacha. Simu ikaanza kulia, ting, ting, ting, zikigombania mlango, za siku zote zile zilizokwama. Aliilaza kifudifudi juu ya kitanda, upande usiokaliwa, ili macho yasimponyoke. Mama alikuwa ameinamia simu yake, anapitisha kidole pembeni mwa ujumbe mmoja mmoja toka juu, na tiki ya pili ikatokea kila kidole kilipopita.

"Zimefika," alisema. "Zote. Hata ya bomba."

Kazi imekwisha, Zimawasha alijisemea. Akasubiri apate chochote, hata ile furaha ndogo ya fundi mashine inapokubali. Hakupata. Akainuka.

"Unakwenda wapi? Hujajaribu."

"Si zimeingia zote, mama?"

"Hizo ni zangu. Na yako? Wewe huondoki kwa mtu bila kujaribu."

Ni kweli, hakuwahi. Ndiyo desturi yake ya mwisho kwa kila mteja: hutuma neno moja kutoka simu yake, akione kifaa kikipokea, ndipo hufunga mkoba. Akatoa simu, akatafuta jina la baba yake. Lilikuwa limeshuka chini sana, limefunikwa na majina ya wateja. Akalifungua. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa mzee: Nimezima. Nimesubiri. Nimewasha. Imekubali. Ahsante fundi. Na chini yake dole gumba, alilomrudishia yeye.

Akaandika neno analowaandikia wote, Jaribio, akatuma. Tiki ya kwanza ikaja. Akaitazama. Ikaja ya pili.

Jogoo akawika.

Aliwika pale pale kitandani, kwa sauti ya juu kupita kiasi, kifua wazi, mpaka Zimawasha akageuka kutazama dirishani. Kisha akaona simu ya baba yake inatetemeka juu ya shuka.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mabega yalimtikisika, na haikujulikana anacheka au analia. "Huyo ndiye wewe," alisema. "Sisi wote ni ting, mimi, dada yako, mjomba wenu, wote ting. Wewe alikutafutia jogoo."

"Nani alimwekea?"

"Mwenyewe."

"Baba? Hakuwa anajua."

Mzee yule hakuwahi kubadilisha hata picha ya kioo bila kumwita. Kupunguza sauti, alipiga simu. Kufuta kengele ya saa, alipiga simu.

"Alikaa pale dirishani asubuhi nzima, kavaa miwani, hataki kusemeshwa," mama alisema. "Nikamwambia, si umwite mwanao akuwekee? Akasema hili siwezi kumwita. Alitaka akiwa bafuni ajue ni wewe. Wengine akiwasikia anamaliza kuoga kwanza. Jogoo akiwika, alikuwa anatoka na povu lake masikioni, analowesha nyumba yangu nzima." Akajifuta macho. "Tangu tumzike baba yako, huyo jogoo hajawika. Kila nikisikia ting nasema, na huyu naye ataandika lini?"

Zimawasha alitaka kusema jambo, la kiufundi bila shaka, lakini kidevu kilimkatalia. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Kitu kikampanda kutoka chini ya mbavu, kizito, bila kuuliza, na kikamuuma. Kikamuuma hasa. Akalia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyezoea, na mama yake akamwekea mkono kichwani bila kumwambia anyamaze.

Mlango ukafunguliwa. "Nyie, jogoo wa nani humu ndani?" dada mtu aliuliza, kisha akaona droo iliyo wazi, chaja inayoning'inia, simu ile kitandani, na mdogo wake sakafuni. Akasimama. Akaitazama simu muda mrefu.

"Intaneti imepona," mama alimwambia. "Lile begi langu lirudishe juu ya kabati. Na usitie chumvi leo."

Dada mtu hakubisha. Lilikuwa jambo la kuandikwa, lakini hakubisha. Walisikia kiti kikiburutwa kule nje, na begi likisukumwa kurudi mahali pake.

"Jaribu tena," mama alisema.

"Imeshakubali, mama."

"Najua imekubali. Jaribu tena."

Alishika simu. Akakosea herufi, akafuta. Safari hii hakuandika Jaribio. Aliandika Baba, akatuma, akasubiri, na jogoo akawika.